Kidumu Kitupu cha Mwalimu

Mtu mzima huku kwetu Kibosho hatembei mikono mitupu. Ukimwona mtu barabarani hana mzigo wa majani ya ng'ombe, hana jembe, hana kidumu cha maziwa, ujue ni mmoja kati ya watatu: mwizi, mlevi au mwendawazimu. Kila nyumba atakayopita watamwuliza, "Unaenda wapi?" Akijibu kwamba anatembea tu, wataitana ndani kwa Kichaga, wamchungulie mpaka apotelee kwenye migomba. Mwalimu alilijua hilo kuliko sote. Ndiyo maana alitembea na kidumu kitupu.

Alizaliwa lini na ukoo wake ni upi, mimi msiniulize. Waulizeni parokiani, wanayo yote. Mimi namjua kwa miguu yake. Alifundisha michezo shule ya msingi hapa kijijini miaka na miaka, na mchakamchaka wa asubuhi ulikuwa mali yake. Kizazi chetu chote kilikimbia mbele ya fimbo yake, tunaimba, umande umetulowesha mpaka magotini. Alipostaafu, jina halikustaafu. Watoto, wazee, hata padri, wote walimwita Mwalimu, utadhani wengine waliofundisha pale walikuwa wapita njia.

Na msidhani alikuwa malaika. Sisi tuna tabia ya kuwapaka watu asali wakishazeeka. Mwalimu alikuwa mkali kupita kiasi. Ukichelewa mchakamchaka unaruka kichura kuzunguka uwanja mpaka unatapika uji. Mwenzetu mmoja mnene alimwita Gunia mbele ya shule nzima, na jina likamganda mpaka leo ana wajukuu. Halafu ubahili! Chai ya kwake ungeweza kuona chini ya kikombe. Kwenye misiba alitoa rambirambi huku anamtazama mwandishi wa daftari kama anaibiwa. Sasa niambieni mtu kama huyo alipata wapi ule upole niliouona baadaye. Mimi sijui, na nimefikiri sana.

Nitasema habari zangu kidogo, maana bila hizo hamtamwelewa.

Mimi ni mpagazi wa mlimani. Wagumu, ndivyo tunavyojiita, na jina hilo hatukulipata bure. Nimebeba mahema, mitungi ya gesi, viti vya kukunja, hadi choo cha plastiki cha mgeni nimekipandisha mpaka kambi ya mwisho kabla ya kilele. Korona ilipokuja, wageni wakakatika kama maji ya bomba. Nikasema ah, si haba, nitapumzika, magoti yapone. Jamani, kupumzika! Wiki za mwanzo nililala kwa raha. Baadaye nikawa nalala kwa sababu sioni sababu ya kuamka. Mke wangu ananiletea mtori wa ndizi, unapoa mpaka unaota ngozi juu, mimi nimeutazama ukuta. Kuoga sikuogi. Watoto wakipita mlangoni wanatembea kwa vidole, kama kuna maiti ndani.

Mke wangu alidhani nimepata ugonjwa wenyewe, akanifukiza kwa nyungu chini ya blanketi. Nilitoka nimelowa jasho na mtu ni yule yule. Mama mkwe akasema nimerogwa. Mke wangu, Mungu ambariki, hakubishana naye. Alinivalisha shati akanishusha Moshi mjini kwa daktari. Daktari mwenyewe binti mdogo, barakoa imemfunika mpaka machoni. Akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, kama naona afadhali nife. Nikalia mbele ya mtoto wa watu, mimi na ndevu zangu.

"Hii inaitwa sonona, baba," akasema. "Ni ugonjwa. Siyo uvivu, wala siyo kurogwa." Akaniandikia vidonge, akaniambia na mazoezi pia, nitembee kila siku.

"Daktari, mimi kutembea ndiyo kazi yangu."

"Basi ndiyo hivyo. Umeacha."

Kusema ni rahisi. Nilijaribu, nikafika nyumba ya tatu tu. Jirani akainua shingo juu ya uzio: "We! Unaenda wapi? Wageni wamerudi?" Sikuwa na mzigo wowote mkononi. Niligeuza, nikarudi kitandani na viatu miguuni.

Kesho yake Mwalimu aliingia chumbani kwangu bila kubisha hodi. Mke wangu alikuwa amemweleza walipokutana kanisani. Alikuwa amevaa koti lake la kijani la michezo, lile lenye kiwiko kilichoshonwa, na mkononi ana vidumu viwili vya maziwa.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema palepale kitandani.

"Marahaba. Simama kwanza ndiyo unisalimie."

Nikasimama. Miaka yote hiyo na bado nilisimama kama mtoto wa darasa la pili. Akanipa kidumu kimoja. Nikakitikisa.

"Hakina kitu."

"Hakina."

"Tunakipeleka wapi?"

"Mtu mwenye kidumu haulizwi anakokwenda. Vaa viatu, Mgumu."

Na kweli sikuulizwa. Tulipita kwa jirani yule yule, akainua shingo, akaona kidumu, akasema, "Za asubuhi?" akarudisha shingo yake. Yesu na Maria! Nilitaka kucheka na sikukumbuka kunavyoanza. Tulipanda na mfereji wa maji mpaka pale migomba inapoishia na msitu unapoanza, tukarudi kwa njia ya nyuma ya parokia. Nilihema kama mzee, mimi mgumu. Mwalimu alitangulia mbele, umbali wa kamba ya ng'ombe, maana korona aliiheshimu. "Kamba, kamba!" alikuwa anatukemea tukimsogelea.

Nasema tukimsogelea kwa sababu hatukuwa wawili muda mrefu. Alikuwepo mama mmoja aliyekuwa anauza mitumba Pasua, kule Moshi mjini. Biashara ikafa, akarudi kwa mama yake huku juu akiwa hazungumzi na mtu. Huyo Mwalimu alimpa mundu na kamba, aonekane anakwenda kukata majani. Tulitembea naye siku nyingi sijui sauti yake ikoje. Kisha asubuhi moja Mwalimu aliteleza, akakaa ndani ya mfereji na koti lake la kijani, maji yakampanda kifuani. Yule mama alicheka mpaka akashika mti. Mwalimu akabaki majini amekunja uso: "Cheka vizuri, cheka mpaka mwisho. Mimi nasubiri."

Neno sonona hakulitumia hata siku moja. Yeye alisema kutuama. Akikukuta asubuhi anakuuliza, "Umetuama?" Ukisema umetuama kidogo, anajibu, "Haya, fungulia maji," mnaondoka. Vidonge hakuvibeza, alituhimiza: "Meza. Ila dawa haina miguu, wewe ndiye wa kuitembeza." Na jambo la moyoni hakusikiliza akiwa amekaa. Ukitaka kumweleza machungu yako, mweleze njiani. Nilisimama siku moja nilie, nimezidiwa, akanigeukia: "Lia, nani kakukataza? Ila lia huku unatembea." Nikalia kutoka msituni mpaka parokiani. Nilipofika nilikuwa na njaa, njaa ya kweli, kwa mara ya kwanza tangu geti la mlima lifungwe.

Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mzee kama yeye. Jina lake Mwalimu Mkuu. Tukimwuliza kwa nini, anasema, "Kwa sababu akiita, lazima niende." Na alikwenda. Mvua, jua, msiba, sikukuu, alishuka na mundu kukata majani na kupanda na mzigo begani. Maziwa ya Mwalimu Mkuu yalikuwa yamebaki ya chai tu, ile chai nyepesi niliyowaambia. Sasa hapo ndipo nilipojiuliza: huyu mtu nimemwona na kidumu barabarani tangu zamani kabla ya korona, akienda wapi na maziwa gani?

Nilimwuliza tukiwa njiani, maana kwingine asingejibu.

Alitembea kipande kirefu kwanza. Kisha akasema mke wake alipofariki alikaa kitini mwaka mzima. Watoto walikuwa Dar, wanapiga simu, anawaambia yuko salama. "Nilikuwa naitazama kamba ya ng'ombe, Mgumu. Na sikuwa namfikiria ng'ombe." Siku moja akiwa anaitazama hivyo, ng'ombe akalia njaa, hakunyamaza. Mwalimu akaona aibu kumwacha na njaa, akaenda kukata majani. Kesho yake akalia tena. Baada ya siku kadhaa akagundua kwamba saa za kurudi na majani ndizo saa pekee ambazo kichwa chake kinanyamaza, akaanza kuziongeza kwa kutembea na kidumu kitupu.

"Nyie mnadhani nawatembeza," akasema. "Nyie ndio mnaonitembeza mimi." Halafu akasimama, yeye ambaye hakusimamaga, akanielekeza kidole kama darasani. "Siku nikikalishwa, usiseme Mwalimu amepumzika. Sema amekwisha."

Nililishika neno hilo. Nilikuwa mtu pekee aliyelisikia, na lilikuja kuwa mzigo mzito kuliko choo cha mgeni.

Maana watoto wake walimpenda. Hapo ndipo panaponiuma, sina hata mtu wa kumchukia vizuri. Wangekuwa wabaya ningewalaani nikalala. Watoto wema, wasomi, wanamtumia mzee matumizi bila kukumbushwa. Na sisi huku mtoto aliyefanikiwa anajulikana kwa baba yake: baba akionekana bado anabeba majani, mtoto huyo amefeli, hata angekuwa waziri. Baba wa mtu aliyefanikiwa anakaa.

Mwanawe mkubwa, mwenye magari ya mizigo Dar, alinipigia simu. "Kaka, ndiwe unamzungusha mzee wangu barabarani na vidumu? Korona hii? Unataka nije nimzike bila watu?" Nikaanza kumweleza, akanikata. "Watu wananiambia baba yako siku hizi anachuuza maziwa. Mimi! Baba yangu achuuze maziwa!"

Ona basi. Kidumu kilimkinga na maswali ya kijiji miaka yote, kikaja kumshtaki Dar.

Krismasi walipanda wote, kama kila Mchaga anavyopanda Krismasi, magari yamejaa uani mpaka kwenye kahawa. Walikaa kikao cha familia. Mwalimu hakuitwa, kikao kilikuwa cha kumpumzisha na anayepumzishwa haulizwi. Wakaamua ng'ombe ndiye anayemtesa mzee. Ameshazeeka, maziwa kikombe kimoja, wa nini? Wakamchinja kwa sikukuu.

Nilikuwepo, nilialikwa. Niliona Mwalimu Mkuu akitolewa bandani. Nilimwona Mwalimu mlangoni amevaa suti mpya aliyoletewa, anataka kusema kitu, na wajukuu wamemning'inia mikononi. Nyama ikagawanywa kwa utaratibu wetu, kila mtu na fungu lake, na kidari kikaenda kwa mwenye heshima yake, baba wa nyumba. Mwanawe mkubwa alimpelekea mwenyewe kwenye sinia, amepiga magoti, watu wakapiga makofi na vigelegele. Mwalimu akakipokea kwa mikono miwili. "Asanteni, wanangu," akasema. Alikaa na lile sinia mapajani mpaka mafuta yakaganda. Mimi sahani yangu niliiacha chini ya mgomba, nikaondoka bila kuaga.

Kabla hawajarudi Dar walijenga ukuta na geti. Wakaweka dada wa kazi, binti mpole kutoka Singida, na agizo: mzee asitoke, kuna korona na mawe ya njiani, akianguka je? Wakamletea kiti kile cha kuegemea kinachonyanyua miguu. Televisheni kama mlango. Na kwa sababu ni wasomi, na wamesikia mazoezi ni muhimu kwa wazee, wakamletea mashine. Ile ya kukimbilia, ya umeme, unatembea na hufiki. Ikawekwa sebuleni, pembeni ya picha ya marehemu mama yao.

Mwalimu aliniambia nilipoingia kumwona mara ya kwanza baada ya hapo: "Nimepanda juu yake nikatembea. Nikaangalia nje, mgomba ni ule ule." Akanitazama kama anangoja nimweleze ni kosa gani alilofanya. "Halafu umeme ukakatika."

Hakupanda tena. Dada wa kazi, ambaye hawezi kuona kitu hakijafunikwa, aliitandikia kitambaa cha kufuma, akaweka juu yake chombo cha maua ya plastiki.

Sisi tulipona. Lazima niseme hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo inayonichoma. Wageni walirudi, nikarudi mlimani. Yule mama alirudi Pasua, meza yake ya mitumba sasa ina mwavuli, ukipita anakuita kwa sauti mpaka unaona haya. Bado anatembea kila asubuhi kabla ya kufungua mzigo, na mundu wake ndani ya mfuko, mjini kabisa, ambako hakuna anayemwuliza mtu aendako. Sisi tuliotembezwa tunatembea. Aliyetutembeza amekalishwa.

Krismasi iliyofuata nilifanya jambo ambalo mke wangu alinikataza. Nilikata jani la sale. Kwa asiye wa huku: masale ndiyo yanayotuwekea mipaka ya vihamba vyetu, mashamba ya ukoo, na ndiyo tunayoombea msamaha. Mtu akikujia na jani la sale mkononi, hata awe ameua ndugu yako, huna ruhusa ya kumfukuza. Unampokea, mnazungumza. Mimi sikuwa na kosa lolote la kuombea msamaha. Lakini nilijiambia, potelea mbali heshima yangu, nitaomba, alimradi geti lifunguliwe.

Nilimkuta mwanawe mkubwa uani, anachoma nyama, ana furaha. Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Nimekuja kuomba msamaha kwa habari ya vidumu," nikasema. "Na nimekuja kukuomba. Mwache mzee atembee. Akikaa hivi atakwisha."

Akalitazama jani. Akacheka, cheko la mtu mwema ambaye hajui amekabidhiwa nini. "Kaka, yale yalishapita, mimi sina kinyongo! Karibu nyama." Akalipokea kwa mkono mmoja, mwingine una koleo la nyama, akamwita dada. "Dada, weka hili na maua ya mzee." Kuhusu kutembea, akanipigapiga bega: "Mzee ana mashine ndani, nzuri sana. Nimeitoa Dubai." Mtoto aliyezaliwa kwenye kihamba hiki hiki, akakimbia mchakamchaka wa baba yake! Nilikula kipande cha nyama alichonipa, kwa sababu nisingekula ningepiga mtu.

Mwezi uliopita nilishuka mlimani nikasikia Mwalimu siku hizi hali chakula vizuri. Nikapitia dukani, nikanunua kidumu kipya, nikachukua na changu cha zamani. Dada wa kazi akanifungulia, akatazama vidumu. "Umeleta maziwa, baba?" Nikaitikia. Hata huyo hakuuliza zaidi.

Alikuwa kwenye kiti chake, miguu imenyanyuliwa, televisheni inaonyesha watu wanacheza mpira na sauti imezimwa. Ile miguu! Nilisalimia nikiitazama. Imekuwa miembamba, soksi zimeanguka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akavitazama viatu vyangu. "Umetuama?"

"Hapana, Mwalimu. Mimi natembea."

"Vizuri." Macho yake yakaenda kwenye mashine, kwenye chombo cha maua, pale jani lilipokuwa limekauka katikati ya maua ya plastiki. "Nani aliyeleta sale ndani humu? Nimeliona muda mrefu, dada hajui."

"Mimi."

"Ulimkosea nani?"

"Hakuna. Nilimwomba mwanao akuache utembee."

"Akalikataa sale?"

"Hakulikataa. Hakujua ni nini."

Alifumba macho. Nilidhani amesinzia. "Mimi ndiye ambaye sikumfundisha," akasema. "Nilimfundisha kukimbia. Akakimbia, akafika mbali." Machozi yalimtoka na hakuyafuta, na mimi sikuweza kumwambia alie huku anatembea.

Nikaufinya mkono wa pembeni wa kile kiti, miguu yake ikashuka. Nikampa kidumu. Nilikuwa nimeshapanga yote njiani: nitamshika kiwiko, tutafika mlangoni tu leo, kesho getini, dada nitazungumza naye, ni binti mwelewa. Mwalimu alikipokea. Akakiweka magotini, akakishika mpini, akajaribu kukinyanyua. Kikapanda upana wa kidole tu. Akakirudisha magotini.

"Umeweka nini ndani?"

"Hamna kitu, Mwalimu. Kitupu."

Alikitikisa karibu na sikio lake, kama nilivyofanya mimi siku ile chumbani kwangu. Akasikiliza. Kisha akaninyooshea.

"Ni kizito, Mgumu," akasema. "Kichukue."

Nikakichukua. Dada akanifungulia geti, akalifunga nyuma yangu. Nilipanda barabara na vidumu viwili, kimoja kila mkono, watu wako nje ya nyumba zao wanachambua maharage. Walinisalimia wote. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi.